Kama kortisoli huzima msongo, mbona hofu yangu haizimiki?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Tabata na nina duka la vitenge Kariakoo. Mwaka jana nilichukua mkopo wa kausha damu, na tangu hapo sina amani. Simu ikiita tu moyo unaenda mbio. Naamka saa tisa usiku na silali tena. Jioni nakula chipsi na vitu vitamu hata kama nimeshiba. Nilipimwa kortisoli, ikatoka 190, maabara ikaandika "kawaida". Nimesoma kwamba kortisoli ikipanda inarudi kwenye ubongo kuuambia uzime msongo. Kama ndivyo, mbona mimi sizimiki? Kuna mtu mtandaoni ananiuzia vidonge vya kushusha kortisoli, na dawa ya peptidi ya kupuliza puani. Ninunue? Dawa nyingine situmii, ni krimu ya kung'arisha tu, nachanganyiwa dukani, kama miaka mitatu sasa.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Pole sana na marejesho. Nitaanza na suala la kuzimika, maana ukilielewa hilo utaona mwenyewe kwa nini sitaki ununue vile vidonge. Kisha nitaigusa krimu, ambayo umeitaja mwishoni kama jambo dogo. Katika barua yako yote, hiyo ndiyo iliyonishtua zaidi.

Ulichosoma ni kweli, ila ni nusu ya habari. Kortisoli, homoni ya msongo, huzituliza seli za ubongo zinazouamsha mwili wakati wa msongo. Lakini kortisoli hiyohiyo, hasa mtu akikaa nayo juu kwa muda mrefu, huzichochea seli nyingine za ubongo zinazoshikilia hofu. Na seli zote hizo, zinazotulizwa na zinazochochewa, hutumia peptidi ileile moja. Kwa hiyo damu yako inaweza kutoka maabara ikiwa na jibu zuri huku wewe mwenyewe hujatulia hata kidogo.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, malighafi zilezile zinazojenga protini. Seli za neva huzitengeneza, huzihifadhi kwenye vifuko vidogo, na kuzimwaga pale zinapochochewa mfululizo. Kemikali za haraka za neva hufanya kazi na kuisha ndani ya sehemu ya sekunde. Peptidi husambaa mbali zaidi kidogo na huacha athari kwa dakika nyingi, wakati mwingine kwa saa. Ndizo hasa zinazoamua hali ya mtu ya siku nzima: ana njaa au hana, yuko macho au anasinzia, anaogopa au ametulia.

Peptidi kuu ya msongo inaitwa CRH. Wanasayansi waliitafuta tangu miaka ya 1950, na ni mwaka 1981 ndipo Wylie Vale na wenzake katika Taasisi ya Salk, California, walipoitenga kutoka kwenye ubongo wa kondoo na kuonyesha kwamba ina asidi amino 41. Simu ya mdai inapoita, seli za CRH zilizoko kwenye haipothalamasi, chini ya ubongo, huimwaga kwenye mishipa midogo ya damu inayoshuka hadi tezi ya pituitari. Pituitari hutoa ACTH, peptidi nyingine yenye asidi amino 39. ACTH husafiri kwa damu hadi tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, nazo hutoa kortisoli. Safari hiyo haiishi papo hapo, kwa kawaida kortisoli hufika kilele dakika 20 hadi 30 baada ya tukio kuanza. Moyo kukurupuka sekunde ile simu inapolia ni kazi ya neva na adrenalini. Kortisoli huja baadaye, wakati pengine umeshakata simu na unahudumia mteja.

Ikifika kwenye ubongo, kortisoli hupenya utando wa seli kwa sababu ni ya jamii ya mafuta, na hukutana na vipokezi vyake ndani. Kipokezi kikiishika huingia nayo kwenye kiini, kikakaa juu ya DNA, na kuanzia hapo jeni fulani husomwa zaidi na nyingine husomwa kidogo. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake huko New York walionyesha kwamba ubongo wa panya huikamata homoni hii na kuishikilia, hasa kwenye hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu. Ugunduzi huo ulionyesha kwamba ubongo hautoi amri tu kwa homoni, nao hubadilishwa na homoni. Mwaka 1985 Reul na de Kloet, nchini Uholanzi, walieleza aina mbili za vipokezi: kimoja huishika homoni kwa nguvu takriban mara kumi kuliko kingine, kwa hiyo huwa kimejaa hata siku ya utulivu, na cha pili huanza kujaa pale homoni inapopanda, yaani asubuhi na wakati wa msongo.

Kule kuzimika ulikokusoma hufanyika kwenye seli za CRH za haipothalamasi, na huenda kwa awamu mbili. Ndani ya dakika chache kortisoli huzifanya seli hizo zitoe kemikali za jamii ya zile zilizomo kwenye bangi, ambazo mwili hujitengenezea wenyewe, na kemikali hizo hupunguza msukumo wa neva unaoingia kwenye seli. Kundi la Jeffrey Tasker huko New Orleans lilionyesha hilo mwaka 2003. Kisha kwa muda wa saa kadhaa jeni ya CRH yenyewe husomwa kidogo, na pituitari nayo hupunguza kutengeneza ACTH. Kwa mtu ambaye jambo limempata na limepita, mzunguko huu hufanya kazi vizuri sana. Bila huo, homa moja au ugomvi mmoja ungetuacha na kortisoli ya juu kwa siku nyingi.

Sasa amigdala. Hiki ni kifungu kidogo cha seli, kimoja kila upande wa ubongo, ndani usawa wa masikio, na ndicho kinachojifunza kwamba kitu fulani ni cha hatari. Amigdala nayo ina seli zake za CRH. Haziipeleki CRH kwenye pituitari. Huimwaga ndani ya ubongo wenyewe, kwenye sehemu zinazoharakisha moyo na pumzi na kumfanya mtu awe macho. Mwaka 1994 Shinya Makino, Philip Gold na Jay Schulkin walichapisha matokeo ya panya waliopewa kortikosteroni, ambayo kwa panya ndiyo inayofanya kazi ya kortisoli. Kwenye haipothalamasi, usomaji wa jeni ya CRH ulishuka kama ilivyotarajiwa. Kwenye amigdala ulipanda. Mwaka 2000 watafiti wengine waliweka kortikosteroni moja kwa moja juu ya amigdala ya panya. CRH ya mahali hapo iliongezeka, na panya wakawa waoga zaidi, wakikwepa sehemu za wazi.

Mvua moja ya masika humfanya mkulima wa Ruvu ashukuru na mkazi wa bonde la Jangwani, Dar es Salaam, ahamishe godoro usiku. Maji ni yaleyale, kilichotofautiana ni mahali yalipoangukia. Kwa seli, "mahali" maana yake ni protini saidizi zilizomo ndani yake na jinsi DNA yake ilivyofungwa au kufunguliwa. Kipokezi cha kortisoli hakisomi jeni peke yake. Hushirikiana na protini hizo, na mchanganyiko uliopo ndani ya seli ndio unaoamua kama jeni ya CRH itanyamazishwa au itachochewa. Jambo hili haliko kwenye ubongo pekee. Kondo la nyuma la mama mjamzito nalo hutengeneza CRH, na huko pia kortisoli huiongeza badala ya kuipunguza.

Utaniuliza, hayo ni ya panya, sisi je? Ubongo wa mtu aliye hai hatuwezi kuukata tukaangalia, ila kuna ushahidi ninaouona una uzito. Mwaka 1997 na 1999 makundi mawili ya watafiti wa Marekani yalipima CRH kwenye maji ya uti wa mgongo ya wanajeshi wa zamani waliobaki na majeraha ya kisaikolojia ya vita. CRH yao ilikuwa juu kuliko ya watu wenye afya. Utafiti wa pili ulipima pia kortisoli ya saa 24 kwenye mkojo, na kortisoli hiyo haikuwa juu. Sisemi kwamba una ugonjwa wa wanajeshi wale. Nasema kwamba kortisoli ya damu au ya mkojo inapima kazi ya tezi iliyo juu ya figo, na haiwezi kukuambia amigdala inafanya nini. Maabara yako haikukosea. Imejibu swali tofauti na lile ulilouliza.

Kuna jambo la pili linaloongeza uzito msongo unapokuwa wa kila siku. Zile seli za CRH za haipothalamasi zina uwezo wa kutengeneza peptidi nyingine, vazopresini, yenye asidi amino 9 tu. Wanyama wanaposumbuliwa tena na tena kwa wiki kadhaa, seli hizo huongeza vazopresini na kuimwaga pamoja na CRH. Vazopresini huisukuma pituitari kupitia kipokezi chake yenyewe, na msukumo huo hauzimwi na kortisoli kirahisi kama ule wa CRH. Hivyo mwili unaendelea kuitikia kila tukio jipya hata kortisoli ikiwa tayari ipo. Wewe msongo wako una marejesho ya kila wiki, na kabla wiki haijaisha simu zinaanza. Hakuna pengo la kupumzika katikati.

Tena msongo wa deni la namna hii si wa kawaida. Mwaka 2004 Sally Dickerson na Margaret Kemeny walikusanya matokeo ya tafiti 208 za maabara na kutazama ni mambo gani hasa yanayopandisha kortisoli. Yaliyotia fora ni yale ambayo mtu hawezi kuyadhibiti na wakati huohuo anatazamwa na kuhukumiwa na wenzake. Mkopeshaji anayekuja kudai mbele ya wateja, au anayetishia kuwapigia majirani, ameyaunganisha yote mawili. Kwa hiyo usijione dhaifu. Mwili wako umejibu kama miili ya binadamu inavyojibu.

Saa tisa usiku pia ina maelezo. Kortisoli huwa chini kabisa karibu na saa sita usiku, kisha katika nusu ya pili ya usiku huanza kupanda yenyewe kujiandaa na asubuhi, na hufika juu kabisa takriban nusu saa hadi dakika 45 baada ya kuamka. Usingizi wa saa zile ni mwepesi. Na ndani ya haipothalamasi kuna seli za peptidi iitwayo oreksini, iliyogunduliwa na makundi mawili mwaka 1998, ambazo kazi yake kubwa ni kumweka mtu macho. Seli za CRH zina matawi yanayozifikia seli za oreksini na kuziamsha. Mtu aliyelala na hofu anapofika kwenye usingizi mwepesi, kinachohitajika kumwamsha ni kidogo sana, na akishaamka anaanza kupiga hesabu za marejesho. Mpaka hapo kulala tena ni kazi.

Kuhusu chipsi, acha kujilaumu hapo. Kortisoli huongeza peptidi nyingine kwenye sehemu ya haipothalamasi inayosimamia njaa. Inaitwa nyuropeptidi Y, ina asidi amino 36, na Kazuhiko Tatemoto na Viktor Mutt waliitenga huko Sweden kutoka kwenye ubongo wa nguruwe, matokeo yakatoka mwaka 1982. Ni mojawapo ya vichocheo vikali vya hamu ya kula vinavyojulikana. Mary Dallman na wenzake huko San Francisco walieleza mwaka 2003 kwamba panya wenye kortikosteroni ya juu huchagua mafuta na sukari, na kwamba wakila hivyo CRH ya haipothalamasi hupungua. Yaani chakula kile kinatuliza kweli. Hujidanganyi unapojisikia afadhali baada ya sahani ya chipsi mayai. Shida ni bei yake, kwa sababu mafuta hayo, kortisoli ikiwepo, hukimbilia tumboni.

Nyuropeptidi Y hiyohiyo ikiwa ndani ya amigdala hufanya kazi nzuri: hupingana na CRH na kupunguza woga. Mwaka 2000 Charles Morgan na wenzake walipima damu ya wanajeshi wa Marekani waliokuwa kwenye mafunzo makali ya kuhojiwa kama mateka. Wale wa vikosi maalumu, ambao walibaki na akili timamu zaidi, walikuwa na nyuropeptidi Y nyingi zaidi kuliko wenzao. Hicho ni kipimo cha damu, kwa hiyo hatuwezi kukihamishia kwenye amigdala moja kwa moja. Ninachokipenda ni kwamba msongo huamsha pia peptidi za kutuliza, na wewe nazo unazo.

Nikufikishe kwenye krimu.

Mkorogo unaochanganywa dukani mara nyingi huwa na steroidi, hasa klobetasoli, ambayo ni miongoni mwa steroidi za ngozi zenye nguvu kuliko zote. Steroidi hizi ni ndugu wa kortisoli, zimetengenezwa kushika kipokezi kilekile, tena kwa nguvu zaidi. Zikipakwa sehemu kubwa ya mwili kila siku kwa miaka, hupenya ngozi na kuingia kwenye damu. Haipothalamasi na pituitari zikiona hivyo hudhani kortisoli ni nyingi: CRH hupungua, ACTH hupungua, na adrenali zisizoitwa kazini hunywea. Kwa hiyo kabla sijakubali kwamba 190 yako ni "kawaida", nahitaji kujua mambo matatu. Ilichukuliwa saa ngapi? Kortisoli ya asubuhi hutafsiriwa kwa damu ya karibu saa mbili, na kama ulikwama kwenye foleni ukafika maabara saa tano, namba hiyo ina maana nyingine. Imeandikwa kwa kizio gani? Nadhani ni nanomoli kwa lita, maana ndicho kinachoendana na namba yako. Na je, unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni? Hivyo huongeza protini inayobeba kortisoli kwenye damu na kuipandisha namba hata kama homoni inayofanya kazi haijapanda.

Kama damu ilitolewa saa mbili asubuhi, 190 kwa mtu aliyetumia steroidi kwa miaka mitatu iko katikati. Haionyeshi kwamba adrenali zimezimika, wala haithibitishi kwamba zina afya. Kwa kawaida tunarudia kipimo, na tukibaki na shaka tunamdunga mgonjwa ACTH ya maabara na kupima kortisoli dakika 30 au 60 baadaye tuone kama adrenali zinaitikia. Tafadhali usiamke kesho ukatupa krimu yote kwa hofu. Adrenali zilizolala miezi mingi zinaweza kushindwa kukutosheleza ukipata malaria au ukihitaji upasuaji, na ngozi nayo hulipuka kwa wekundu na kuwasha. Acha kuongeza maeneo mapya, usibadilishe kwenda mchanganyiko mwingine, na uonane na daktari akupangie jinsi ya kupunguza. Ukipata kutapika, udhaifu mkubwa, kizunguzungu cha kuanguka au kuzirai, hiyo ni dharura. Nenda hospitali saa hiyohiyo na useme wazi kwamba umetumia steroidi.

Tena steroidi hizi zinazotoka nje zinaweza zenyewe kuleta wasiwasi, kukosa usingizi na njaa. Tunaliona hilo mara kwa mara kwa wagonjwa wanaomeza prednisoloni kwa sababu halali. Deksamethazoni, ambayo wengine huuziwa mitaani kama dawa ya kunenepesha, ina tabia ya ajabu: protini za kusukuma nje zilizoko kwenye mishipa ya ubongo huizuia kuingia vizuri, kwa hiyo dozi ndogo huinyamazisha pituitari, kortisoli ya asili hushuka, na ubongo hubaki na pengo huku mwili uliobaki umejaa steroidi. Sijui ndani ya mkorogo wako kuna nini. Huenda hata anayekuchanganyia hajui. Ndiyo maana siwezi kukuambia kwamba dalili zako zote ni za deni, wala kwamba zote ni za krimu.

Sasa unaona kwa nini vidonge vya kushusha kortisoli havikufai. Una sababu ya kuogopa kwamba kortisoli yako ya asili iko chini, si juu. Hata ingekuwa juu, homoni hiyo unaihitaji kuishi. Ashwagandha, dawa ya mitishamba inayouzwa sana kwa jina hilo la kushusha kortisoli, imeonyesha athari kidogo kwenye majaribio madogo, na pia imehusishwa na visa vya kuumia ini. Na dawa za mitishamba zisizo na usajili zimewahi kukutwa zimechanganywa steroidi kimyakimya, yaani ungenunua kilekile unachokikimbia.

Ya kupuliza puani nadhani ni oksitosini, peptidi ya asidi amino 9 inayofanana sana na vazopresini, tofauti yao ni asidi amino mbili tu. Mwaka 2003 Markus Heinrichs na wenzake huko Zurich walichukua wanaume 37, wakawapa wengine oksitosini ya puani na wengine dawa bandia, kisha wakawaweka kwenye mtihani wa kuhutubia na kupiga hesabu mbele ya watu. Nusu yao walikuwa wamekaa na rafiki yao wa karibu kabla ya mtihani. Kortisoli ilikuwa chini zaidi kwa wale waliopata vyote viwili, rafiki na oksitosini. Wauzaji huchukua nusu ya pili ya matokeo hayo na kuisahau ya kwanza. Rafiki hauzwi kwenye chupa, na dawa ya kwenye chupa isiyojulikana ilikotoka hujui kipimo chake, wala usafi wake. Usiinunue.

Na kama unawaza kwamba basi kungekuwa na dawa ya kuzuia CRH yenyewe, wazo hilo wengi walikuwa nalo. Kampuni kubwa zilitengeneza dawa za kuziba kipokezi cha CRH na kuzijaribu kwa sonona, kwa wasiwasi na kwa majeraha ya kisaikolojia, na kwa sehemu kubwa hazikufanya vizuri kuliko dawa bandia. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mojawapo, krinesafonti, lakini ni kwa ugonjwa wa kurithi wa tezi za adrenali. Kwa hofu bado hatuna.

Tulicho nacho kinaonekana kidogo, lakini kinafanya kazi. Amigdala hujifunza, na ikishajifunza hofu inaweza kufundishwa usalama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Jay Weiss alionyesha kwamba panya wanaopata mshtuko wa umeme uleule hupata vidonda vichache vya tumbo kama mlio wa onyo hutangulia kila mshtuko. Mlio wenyewe hauwapunguzii maumivu, ila wakati usipolia wanajua wako salama. Kwako wewe sasa kila simu ni mdai, hata ikiwa ni mama yako. Mpe mkopeshaji mlio wake wa pekee kwenye simu, na milio mingine yote ibadilishe. Mwambie saa maalumu utakayopokea, kwa mfano saa nne asubuhi, na nje ya saa hiyo usipokee. Nimewashauri hivi watu kadhaa wenye shida kama yako, na mara nyingi kinachotulia kwanza ni ule mstuko wa kila simu.

Deni lenyewe lisibaki kwako peke yako. Kaa na mtu mmoja unayemwamini mwandike kiasi kilichobaki na tarehe. Ulizia kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, maana sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo, na masharti ya mkopo unapaswa kuwa nayo kwa maandishi. Hayo si maneno ya daktari wa homoni, najua, lakini hakuna peptidi nitakayoituliza mimi wakati simu inaendelea kuita.

Usiku ukiamka usiangalie saa wala simu. Dakika ishirini zikipita hujalala, ondoka kitandani ukae pahali penye mwanga hafifu mpaka usingizi urudi, na asubuhi amka saa ileile hata kama ulilala vibaya. Chai ya rangi na kahawa ziishe mchana. Chakula cha jioni kiliwe mapema na kiwe na maharage, samaki au mayai, ili ile njaa ya saa tatu isikukute tumbo tupu.

Kwa kuwa uko Tabata, hospitali ya rufaa ya karibu ni Amana. Omba kumwona daktari wa magonjwa ya ndani kwa ajili ya adrenali, na siku hiyohiyo uulizie kliniki ya afya ya akili. Kama kile kipimo cha kudungwa ACTH hakipo watakupa rufaa kwenda Muhimbili. Mweleze mshauri wa saikolojia kwamba unataka tiba ya kubadili fikra na mwenendo, ambayo kwa hofu ya namna hii ina ushahidi mzuri, na kwa kawaida ni ya wiki kadhaa, si ya miaka. Na ikitokea siku yoyote ukaanza kuona kwamba ni bora usiwepo, usisubiri tarehe ya kliniki. Mwambie mtu aliye karibu nawe saa hiyo, na aongozane nawe hadi idara ya dharura.